Misumari Kumi na Minne katika Meza ya Mama Pasta

Kilibula, Uvira, jioni

Faida, binti yangu, mama yangu,

Usianze kuucheka mwandiko. Najua tayari unacheka. Minye niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, na weye ulizaliwa nikiwa bado natafuta ndevu kwenye kioo, kwa hiyo tumekua pamoja, na kwa vitabu umenipita. Bon. Kwa urefu bado hujanipita, na kwa uzuri wa sura usiniulize minye, muulize mama yako, yeye ndiye alichagua.

Huku kwetu jua limeshaingia nyuma ya mlima, lakini ng'ambo ya ziwa milima ya Burundi bado inawaka, na hapa mlangoni kwa atelye, karakana yangu, mwanga unatosha muntu kuandika. Mama yako yuko nyumbani anafunga sanduku lako kwa mara ya tatu. Weye hujarudi kutoka Katogota, ulikoenda kumuaga koko, mama wa mama yako. Mambo ya kufua, kula, kusali na kutolala na dirisha wazi mama yako ameyasema yote, tena ameyasema mara mbili, minye siyagusi. Minye niko na jambo moja tu, na limenifanya nisimame na kukaa tangu saa nane kama muntu aliyekalia siafu.

Ni ile raporo yako.

Yule mzee wa Kalemie unayeenda kujifunza kwake, yule anayetengeneza upya vitu vya zamani vya mbao, alisema hapokei muntu asiyekuja na raporo ya kintu kimoja cha zamani: kimejengwa namna gani, kiko katika hali gani, nani alikigusa na wapi. Diploma hataki. Barua ya chifu hataki. Anataka kuona kama uko na macho. Na weye ulichagua meza ya kuandikia ya Mama Pasta, mjane anayekaa kule chini karibu na ziwa. Kesho saa sita ya mchana unapanda bato, meli ya Kalemie, na raporo hiyo mkononi, karatasi ya kwanza ya kazi yako duniani, na ndani yake iko mstari mmoja wa uongo. Uongo huo si wako. Ni wangu. Minye nilikulazimisha kuuandika.

Haya, nimeuandika. Nimesimama, nimezunguka benchi, nimekunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo, nimerudi.

Najua unajua. Tangu siku ile unanijibu "ndiyo, Baba", "hapana, Baba", kama muntu aliyesimamishwa na polisi. Weye uliyekuwa unanirudishia maneno kumi kwa moja! Nyumba imekuwa kimya mpaka mama yako akaniuliza kama nimekuchapa. Nikamwambia huyu nimchape namna gani, ana mikono ya kushika randa kuliko minye. Hiyo ni mara ya kwanza nilisema hivyo, na nilisema ukiwa haupo, kwa hiyo usijivune.

Nataka ujue kwamba siku zile tatu tulizoshinda kwa Mama Pasta nilikuangalia. Ulidhani nimekusindikiza ili nijionyeshe kwa Mama Pasta, nimwambie huyu ndiye damu ya fundi wa kwanza wa Uvira muzima. Ndiyo, nilijionyesha, tena vizuri. Lakini macho yalikuwa kwako. Muntu mwingine angeanza kwa kupangusa meza juu na kusema "oh, nzuri". Weye ulitandika gunia, ukalala chali chini yake na tochi, miguu yako ikabaki nje. Nikakuchokoza.

"Weye, umelala? Meza iko huku juu."

"Baba, juu kila muntu anapamba," ukasema kutoka kule chini. "Minye naanza fasi ambayo hakuna aliyepamba."

Nilicheka kwa sauti ili Mama Pasta asikie. Moyoni sikucheka. Hilo neno minye sikulijua nikiwa na umri wako, na nilipolijua nilikuwa nimeshaharibu vitu vingi.

Ukapitisha vidole chini ya ubao, ukaniita nami nipitishe. Kulikuwa na mawimbi madogo, kama mchanga wa ziwani asubuhi. Ukasema hiyo ni randa ya mkono, mashine haiachi mawimbi. Ukanionyesha alama za patasi, mstari mmoja, miwili, mitatu, minne, kwenye kila mguu na kwenye fremu inapokutana nao, ili yule mjenzi asichanganye ulimi wa mguu huu na tundu la mguu ule. Ukavuta tirwari, lile sanduku la kushoto la kuwekea karatasi, ukaligeuza. Pembe zake zimekatwa kama mikia ya njiwa, zimeingiliana, hakuna msumari hata mmoja, na mkia wa mwisho ni mwembamba kuliko wenzake. "Aliishiwa na nafasi," ukasema, "akaurekebisha kwa mkono." Ulitabasamu kama uliyemkuta huyo muntu mwenyewe amejificha mle ndani. Mbao yote ni muvula mtupu, Faida. Watu wanne waliishusha kichwani kutoka Mulenge wakati marehemu Pasta alipohamia huku chini, na hakuna kiungo kilichoachia.

Kisha ukafika kwenye mguu wa tatu.

"Huu si wa meza hii. Ni mkalitusi."

"Huo niliuweka minye," nikasema, nikivimba kifua. "Miaka yote hii hakuna aliyejua kwamba si muvula."

"Kila mwenye pua anajua, Baba. Uko unanuka rangi ya viatu."

Mama Pasta alicheka mpaka akashika ukuta. Minye pia nilicheka, maana mguu haukuwa siri. Mwaka ule ziwa lilipopanda na maji yakaingia kwenye nyumba za chini, meza ilisimama majini siku nyingi, mguu mmoja ukaoza, akaniita nikaubadilisha. Mpaka hapo hakuna dhambi, ila pua.

Lakini ukarudi tena chini. Halafu nikasikia: "Baba, kwenye fremu iko mifereji midogo, kumi, mitupu. Hapa kulikuwa na vipande vya mti vya kushikilia ubao wa juu. Nani alivitoa?"

Nikajifanya naangalia dirisha.

Ukatoka chini, ukafungua mkoba, ukatoa ile sumaku uliyoing'oa kwenye redio mbovu ya mama yako, umeifunga kwenye uzi. Ukaomba ruhusa, ukaondoa kitambaa cha krosheti kilichofunika meza, ufa ukaonekana, mrefu, toka ukingo mpaka ukingo. Ukaanza kuipitisha sumaku taratibu juu ya ubao, kandokando. Tak. Ukaweka alama ya chaki. Tak. Alama nyingine. Mama Pasta alikuwa ameenda kuleta chai. Minye nilisimama pale nikihesabu nawe, ila minye nilikuwa natangulia, kwa sababu nilijua inayofuata iko wapi. Kumi na minne. Saba upande huu wa ufa, saba upande ule.

Ukaniangalia. Hukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa tu unangoja nikwambie.

Na hapo hapo Mama Pasta akaingia na sahani ya vikombe, akaona ufa uko wazi, akashusha macho. "Usiandike sana hapo, mwanangu," akakwambia. "Ni minye. Nilipiga pasi ya makaa juu ya meza ya mzee. Nilikuwa sijui."

"Mama, moto hauwezi kupasua mbao mstari mnyoofu namna hii," ukaanza.

"Andika pasi," nikasema.

"Baba..."

"Nimesema andika pasi! Weye ni nani? Nani alikushikisha randa ukiwa na miaka saba?"

Ukaandika. Njia nzima ya kupanda Kilibula ulitembea mbele yangu. Tulipofika mlangoni ukasema neno moja tu: "Nimeandika jinsi ulisema." Afadhali ungenitukana.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa, maana nilikuficha hata weye.

Minye sikujifunza meza. Nilijifunza maboti. Nilipoacha shule, Fundi Kashindi alinichukua pale ufukoni kwa sababu nilikuwa na mikono mirefu, na mdomo mrefu zaidi wa kuita wateja. Boti la wavuvi linataka jambo moja: kukazwa. Unapiga misumari karibu karibu, unasukuma pamba na mafuta katika kila mwanya, halafu unalizamisha siku mbili, mbao zinavimba, zinabanana, hata tone halipiti. Kwenye boti mwanya ni kifo. Hilo nililijua, tena nililijua sana, usinichekee: yako maboti yangu mpaka leo yanatoka kuvua ndagala na yanarudi. Halafu weye ukazaliwa, boti likawa linaagizwa leo, lingine mwakani, nikafungua atelye, nikaandika juu ya mlango FUNDI WA KILA KINTU. Mlango wa kwanza niliotengeneza ulikataa kufungika msimu wa mvua. Wa pili pia. Watu waliniambia nenda kamuulize fundi fulani anafanyaje. Nimuulize? Minye? Niliona afadhali nirande mlango kila mwaka kuliko muntu aseme Bahati hajui.

Sasa Mama Pasta aliponiita, aliniomba mguu. Mguu tu! Nilipomaliza, nikasukuma ubao wa juu kwa kiganja, ukasogea kidogo sana. Nikasema, kwa sauti, na huyo mama yuko pale: "Ona hii, wazee wa zamani walikuwa wavivu, hawakukaza." Nikachungulia, nikaona vile vipande kumi vya mti, kila kimoja na ulimi wake ndani ya mfereji. Weye ulivijua bila kuviona. Minye nilivishika mkononi na sikuvijua. Yule mjenzi aliviweka ili ubao uvimbe wakati wa mvua na usinyae wakati wa kiangazi, uende na kurudi ndani ya mifereji bila muntu kuona. Nikavitoa vyote. Nikavitia motoni, chini ya mkebe wa kole, gundi ya mbao. Nikapigilia ubao kama boti, misumari kumi na minne, nikazamisha vichwa, nikaziba kwa unga wa mbao, nikapaka rangi ya viatu. Na mbao wakati huo ilikuwa bado imelewa maji ya ziwa.

Nimesimama tena. Sijui kwa nini hilo la kuvichoma linanisumbua kuliko misumari. Labda kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ndogo na nzuri, na moto wake haukuchemsha hata kole.

Kiangazi kikafika. Saa tisa ya mchana, Mama Pasta alisikia mlio mmoja, kama wa bunduki, ndani ya nyumba yake. Unajua huku kwetu muntu akisikia mlio wa namna ile hasubiri wa pili. Alijitupa chini na wajukuu wake wawili, akawafunika na kitenge, wakalala pale mpaka waliposikia majirani nje wanaongea na kucheka kama kawaida. Ndipo akainua kichwa akaona meza ya mume wake imepasuka.

Nilipoingia mle ndani nilijua kabla sijaikaribia. Ubao ulitaka kusinyaa, umeshikwa huku, umeshikwa kule, utaenda wapi? Nilijua, Faida. Sikuhitaji sumaku. Lakini karibu na ufa iko alama ya pasi, na mdomo wangu ukatangulia.

"Mama Pasta, unapiga pasi hapa?"

"Mara moja moja. Nguo za watoto za kanisa."

"Basi ni hiyo. Moto umekula mbao."

Angenibishia kidogo tu, ningekubali. Ndivyo nilivyojiambia miaka yote. Hakubisha. Aliweka mkono mdomoni. Yeye ametoka juu, Mulenge, huku chini hana kaka, hana shemeji wa kusema, ebu ngoja, fundi, eleza vizuri. Mama fulani wa hapa Kilibula nisingemwambia vile, kaka zake wangekuja watano na wote wana mabega. Hapo ndipo ninapokosa pa kukaa. Sikuropoka tu. Nilipima ni nani yuko mbele yangu, ndipo nikasema.

Dimanche iliyofuata, siku ya ibada, alisimama kanisani kwake wakati wa ushuhuda, akasema kwa uzembe ameharibu kintu ambacho mume wake alimwachia, akaomba wamwombee. Waliniletea habari siku ile ile. Nilikuwa nakula ugali na ndagala. Nilimaliza sahani.

Na kuna lingine, dogo, lakini kwa kuwa nimefungua mdomo acha litoke. Hiyo alama iliyo chini ya kidevu chako. Tulikuwa tunakwambia kwamba ukiwa na miaka minne ulicheza juu ya kiti ukaanguka. Hukucheza. Ulikaa tu, umetulia, unakula ndizi. Kiti nilikitengeneza minye, miguu mitatu, na mguu mmoja sikuusukumia mpaka mwisho kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kuwaonyesha marafiki jinsi nilivyokutengenezea kiti. Damu ilipotoka nikapiga kelele: "Nilikwambia ukae vizuri!" Weye ukalia, ukasema, "Pole, Baba." Miaka minne, kidevu kimepasuka, unaniambia minye pole. Nikaipokea hiyo pole. Kwa miaka mingi ulikuwa unakaa kwenye kila kiti kwa uangalifu, unakijaribu kwanza kwa mkono, na watu wanasema, ona mutoto wa fundi, amezaliwa na jicho la kazi. Minye nilikuwa naitikia: ndiyo, amenirithi.

Bon. Leo.

Ulipopanda pikipiki kwenda Katogota, minye nikavaa shati ya harusi nikashuka kwa Mama Pasta. Nilimkuta anachagua maharage. Nikasifu maharage. Nikasifu nyumba. Nikamwambia maboti mangapi nimetengeneza mwaka huu, nikaongeza mawili.

"Baba Faida," akasema, "unanizunguka kama kuku anayetafuta fasi ya kutaga. Taga basi."

Nikataga. Nilisema vibaya, nilianza mwisho nikarudi mwanzo, lakini nilisema yote: vipande kumi, moto, misumari, mvua, kiangazi. Hakuacha kuchagua maharage mpaka nilipofika kwenye pasi.

"Haikuwa pasi?"

"Haikuwa pasi, Mama."

"Na minye nilisimama kanisani."

"Ndiyo."

"Weye ulijua nilisimama kanisani?"

"Waliniambia siku ile ile."

Akainuka, akaenda kwenye meza, akaondoa kitambaa, akakikunja mara mbili, mara nne, akakiweka tirwarini. Akatia kidole kwenye ufa akaufuata mpaka mwisho. "Wajukuu wangu wamesoma wakiwa wamekaa chini miaka yote hii," akasema. "Niliwakataza kuikaribia. Nilisema mikono yetu ni mibaya."

Nikasema nipatie nafasi, Mama, nimekuja na koleo, nitatoa misumari sasa hivi, nitakata vipande vingine. Akanigeukia. Hukuwahi kumwona akiwa hivyo, wala minye.

"Koleo rudisha mfukoni. Mikono yako haitagusa tena meza ya mzee. Itangoja yule mutoto wako. Hata ikiwa miaka mitatu, itangoja, na watoto watasoma juu yake ikiwa na ufa wake. Na weye, Dimanche hii, utasimama."

"Mama, minye siko wa kanisa lenu."

"Benchi iko. Mlango uko wazi. Mdomo unao, tena mkubwa, Uvira yote inaujua."

Akanisindikiza mpaka nje, kama anavyosindikiza mgeni yeyote. Hilo lilinishinda. Angenifukuza ningetembea vizuri zaidi.

Kwa hiyo Dimanche weye utakuwa Kalemie unanusa mbao za watu, na minye nitakuwa nimesimama mbele ya watu ambao nusu yao niliwatengenezea milango. Sijui nitasema nini. Nimejaribu hapa mbele ya ukuta, nikajikuta naanza na maboti.

Siandiki haya ili unione mwema. Kama ungeandika raporo yako yote bila kuitoa ile sumaku, ningenyamaza mpaka kaburini na ningelala vizuri, tuseme ukweli. Kilichonitoa usingizini ni kuona mkono wako unaandika neno langu. Mkono ule umefunzwa kufuata mbao inasema nini, na minye nikaugeuza kwa kelele moja. Uliniogopa. Au ulinihurumia, na hilo ni baya zaidi. Kesho utakuwa mbali, na atakuja mwingine mwenye sauti, fundi, mume, bosi, atasema andika pasi, na mkono wako utakuwa unajua njia tayari, kwa sababu minye ndiye niliyeufungulia.

Sikupi somo. Sina somo. Niko na aibu, na nakupatia kabla hujapanda bato, ili usije ukafikiri fundi ni muntu asiyekosea. Nilikuwa nafikiri hivyo. Ndiyo sababu sikuuliza, na ndiyo sababu nilipokosea sikuwa na fasi ya kuliweka kosa ila kwa muntu mwingine: kwa mjane, kwa mutoto wa miaka minne. Yule aliyejenga meza ile aliishiwa na nafasi kwenye mkia wa mwisho akauacha mwembamba, kila muntu auone. Hakuupaka rangi ya viatu.

Raporo yako nitaiweka juu ya sanduku, na barua hii juu yake. Nilishika kalamu niufute ule mstari mwenyewe, ukawa karibu kufutika, kisha nikaiona mikono yangu iko tena ndani ya kazi ya muntu mwingine bila kuitwa. Nikaiacha. Futa weye. Uko na asubuhi nzima, bato haliondoki kabla ya saa sita, na kama halijawahi kuchelewa basi minye sijawahi kujisifu.

Andika hivi, utageuza kwa Kifaransa chako: ubao wa juu umepasuka kwa sababu ya misumari kumi na minne, iliyopigwa mbao ikiwa na maji, vipande kumi vya kushikilia vimechomwa moto, kazi ya Bahati Lusambya wa Kilibula. Jina lote. Usiandike "fundi asiyejulikana". Yule mzee akisoma atainua macho, wazee wa namna hiyo wanapenda kuinua macho, atakuuliza kama unamjua huyo Bahati. Utasikia joto masikioni. Litakuja, najua, liache lije.

Mwambie ni baba yako. Halafu nyamaza, usiongeze neno la kunitetea.

Bahati, baba yako